Mwangalieni Kwanza Mwenye Kitochi

Mdogo wangu wa Kasokola, mkoani Katavi, ujumbe wako nimeupata. Unasema wewe ni katibu, msichana pekee katika kikundi cha vijana wanane, maseremala na wachomeleaji, mliokopa halmashauri mkanunua mashine ya randa na ya kuchomelea. Kazi zimekuja kwa wingi: madawati ya shule, milango na madirisha ya nyumba zinazojengwa, vitanda vya wanaooana baada ya mavuno. Pamoja na kazi zimekuja lawama. Mbao za oda moja zilinunuliwa na watu wawili siku moja. Mteja mmoja alipigiwa simu na watu watatu, mwingine alikuja mwenyewe kuulizia kitanda chake akakuta hata mbao hazijakatwa. Mwenyekiti ameona mtandaoni programu ya kusimamia kazi za timu na anataka mlipie mwaka mzima. Nawe unaniuliza: dada, tuchukue ipi?

Majina nitakutajia, na nitasema wazi ipi naipenda kwa kikundi kama chenu. Ila nivumilieni, wewe na wadogo zangu wengine mlioko kwenye vikundi vya namna hiyo, nianzie pale ambapo wauzaji wa programu hawaanzii.

Oda zenu hazikupotea kwa kukosa programu. Zilipotea kwa sababu hakuna aliyetajwa kwa jina kwamba kazi hii ni yake, na hapakuwa na mahali pamoja ambapo wote wanane mnakubaliana kwamba kilichoandikwa pale ndicho. Mtu akiandika kwenye grupu la WhatsApp "tutashughulikia", watu wanane wanaweka dole gumba na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayeshughulikia. Programu ya dola mia nne ukiijaza maneno ya namna hiyo itayatunza vizuri sana, na kitanda hakitatengenezwa.

Na jambo hili Watanzania tunalijua zaidi ya tunavyojipa sifa. Mwishoni mwa 2021 Serikali ilitumia sehemu ya mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa kujenga madarasa 15,000 nchi nzima, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20, na yote yakikimbizwa yawe tayari shule zikifunguliwa Januari 2022. Yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani mafundi wa hapohapo mtaani na kamati tatu: ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Anayenunua saruji siye anayeipokea. Mifuko ikishuka, mtu mwingine anaihesabu, anaandika, anatia saini, ndipo fundi anaruhusiwa kuigusa. Huo ni usimamizi wa mradi kamili, na ulifanyika kwa daftari na kalamu. Mtafuteni mzazi au mwalimu aliyewahi kukaa kwenye kamati kama hizo, mumkaribishe karakana, awaeleze walivyokuwa wanagawana majukumu na pale walipogombana. Mtajifunza kwake zaidi ya video yoyote ya kutangaza programu.

Ninyi ni wanane tu, hamhitaji kamati tatu. Mnachohitaji ni kwamba kila oda ijulikane nani anapima na kukubaliana na mteja, nani ananunua, nani anapokea, nani anatengeneza, na nani anapeleka mzigo na kurudi na saini. Mtu mmoja anaweza kushika mambo mawili, isipokuwa anayenunua asiwe anayepokea. Hapo tu, bila programu yoyote, mbao za oda moja haziwezi kununuliwa mara mbili na mtu asijue.

Sasa nunueni karatasi ya manila na maka peni. Bandikeni manila kwenye ukuta wa karakana, mahali ambapo kila mtu anapita asubuhi, mzigawe safu: Haijaanza, Inaendelea, Imekabidhiwa. Kila oda iwe na kipande chake cha karatasi chenye tarehe ya kukabidhi na jina la mmoja wenu, jina moja. Kazi ikisogea, kipande kinasogea. Msione ni jambo la kimaskini. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Toyota huko Japani, chini ya mhandisi Taiichi Ohno, ilijenga mfumo wake wa uzalishaji kwa kadi zinazopita kutoka mkono hadi mkono kiwandani, na nyingi kati ya programu hizo alizoziona mwenyekiti zimeichukua kadi ileile na kuiweka kwenye kioo cha simu.

Halafu ongezeni safu ya nne, Imekwama. Hii programu nyingi haziji nayo, na kwa maseremala wa Katavi naiona muhimu kuliko zote.

Nieleze kwa nini. Wewe unaishi kwenye nchi ya miombo, mninga na mkurungu viko jirani, na mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo anadhani mbao kwenu ni za kuokota. Wewe unajua si hivyo. Mti unavunwa kwa leseni, mbao zinagongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, zinasafirishwa kwa hati, na gari likikamatwa bila hati mzigo umekwenda. Zikishafika, kama ni mbichi hazifai dawati, zitapinda. Zinahitaji kukaa zikauke kivulini, na mvua zenu zinaanza Novemba mpaka Aprili. Shule nazo zinafunguliwa Januari, kwa hiyo kila mwalimu mkuu anataka madawati Desemba, wakati mbao haziwezi kukauka. Hesabu kurudi nyuma: kukabidhi mwishoni mwa Desemba, vanishi kabla ya hapo, kuunganisha kabla ya vanishi, mbao kavu ndani ya karakana kabla mvua hazijakolea. Ununuzi wa mbao za madawati ya Januari ni kazi ya Septemba na Oktoba. Anayekumbuka madawati Novemba amechelewa hata kama anatumia programu ya kampuni kubwa kuliko zote duniani. Umeme nao una siku zake. Mkoa wenu ulikaa miaka mingi ukitegemea jenereta za dizeli, na mwenye mashine ya randa anajua maana ya siku iliyopotea.

Kwa hiyo unapoipima programu yoyote, mdogo wangu, usiulize ina rangi ngapi na michoro mingapi. Uliza kama itakuruhusu kuandika kwamba kazi hii haiwezi kuanza mpaka ile imalizike, na inasubiri nini: hati, mbao kavu, umeme, au kianzio cha mteja. Halafu uliza kama wote wanane wataona ulichoandika.

Hapo kwenye wote wanane ndipo ninapotaka mtulie. Umenidokeza kwamba watatu kati yenu wanatumia vitochi, na mmoja wao ndiye fundi wenu mkuu. Sasa mkichukua programu inayotaka simu janja na bando, mnakuwa na kikundi cha watu watano wanaojua na watatu wanaosubiri kuambiwa. Fundi mkuu ataanza kuulizia kazi yake mwenyewe kwa kijana aliyemfundisha kushika msumeno. Atavumilia kwa muda, kisha ataacha kuuliza, na siku moja atapokea oda zake pembeni. Vikundi vinavunjika kwa mambo kama haya kabla hata ya kuvunjika kwa fedha. Chombo chenu kipimeni kwa simu iliyo ndogo kuliko zote kikundini. Manila ukutani ibaki hata mkiwa na programu, na asiyekuwepo karakana siku hiyo atumiwe ujumbe wa kawaida wa simu: kazi gani, lini, inasubiri nini.

Kuhamisha mambo kutoka ukutani kwenda kwenye simu kila jioni ni kazi. Najua itakuangukia wewe, kwa sababu wewe ni katibu na kwa sababu wewe ni msichana. Usiibebe bure. Ipelekeni kikaoni, ihesabiwe kama saa za kazi, iandikwe kwenye mgawanyo wa mapato. Nimeona makatibu wengi wanaoshika kumbukumbu za kikundi kizima wanapata mgawo mdogo kwa sababu "hawakushika randa". Mwenye kuhakikisha kwamba mbao hazinunuliwi mara mbili ameingiza fedha kama aliyetengeneza dawati.

Tuje kwenye majina. WhatsApp mnayo na mtaendelea nayo. Iacheni iwe mahali pa kusemezana, kutuma picha za vipimo na kuonyesha mteja rangi. Ila wekeni sharti moja: kilichokubaliwa humo ambacho hakijafika ukutani siku hiyohiyo hakijakubaliwa. Grupu lina kawaida ya kuzika jambo la maana chini ya salamu, na simu ikiibiwa bila nakala ya akiba, mazungumzo yameondoka nayo.

Kwa hali yenu ya leo mimi naipenda Google Sheets. Ni bure, inafunguka hata kwenye simu janja ya bei ndogo, na faili unaweza kuliwekea alama lipatikane bila mtandao, ukaandika ukiwa shambani au porini kwenye mbao, likajisawazisha ukirudi penye mtandao. Ukilifungua kwenye kompyuta unaweza kuona nani alibadilisha nini na lini, jambo linalopunguza ugomvi. Fungua jedwali moja tu, mstari mmoja kwa kila oda, na safu zisizidi nane kwa sababu kioo cha simu ni kidogo: oda, tarehe ya kukabidhi, mhusika, mnunuzi, mpokeaji, inasubiri nini, kianzio kilicholipwa, salio. Udhaifu wake ni kwamba mtu mmoja mwenye haraka anaweza kufuta mstari bila kujua. Wape wengi ruhusa ya kutazama, na wawili au watatu tu ruhusa ya kuandika.

Oda zikizidi mpaka manila ikajaa, nendeni Trello. Itakuwa rahisi kwenu kwa sababu ni manila ileile: safu na kadi. Programu yake ya simu inakubali kazi bila mtandao na kusawazisha baadaye. Menyu hazina Kiswahili, lakini safu na kadi mnazipa majina yenu wenyewe, na mtu anayejua kusogeza kipande ukutani anajua kusogeza kadi. (Hili la lugha linanigusa. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure kabisa. Wataalamu wetu walionyesha kwamba inawezekana. Ningependa vijana wanaosomea kompyuta leo waione kama kazi inayowasubiri kuimalizia.)

Kuna jambo la kujua kuhusu Trello na zote za bure. Ilianzishwa mwaka 2011 na kampuni ya Fog Creek ya New York, na mwaka 2017 ikanunuliwa na Atlassian ya Australia kwa dola milioni 425. Mwenye mali alipobadilika, masharti nayo yakaja kubadilika: tangu 2024 eneo la kazi la bure linabeba watu wasiozidi 10. Ninyi wanane mnaingia. Mkiwaongeza wateja na mwalimu mkuu humo, mmejaa. Bure ya kampuni ni hiari yake, inaweza kupunguzwa wakati wowote, kwa hiyo msiweke humo kitu ambacho hamna nakala yake kwingine.

Asana, ClickUp na Notion ni nzuri kwa ofisi yenye kompyuta na mtandao wa kutwa nzima. Jira ilitengenezwa kwa ajili ya waandika programu. Microsoft Project waachieni wahandisi wa barabara na madaraja.

Kuhusu kulipia. Programu nyingi za aina hii zinatoza kwa kichwa kwa mwezi. Chukua mfano wa dola 5 kwa mtu: mara nane, mara miezi kumi na miwili, ni dola 480, zaidi ya shilingi milioni moja. Tangu Julai 2022 huduma za kidijitali zinazouzwa na kampuni za nje kwa watu wa hapa zinaingia kwenye VAT, kwa hiyo tazama bei ya mwisho, usitazame ile ya kwenye tangazo. Na malipo hayo huwa yanakatwa yenyewe kwenye kadi kila kipindi kikifika; mkitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu ya mmoja wenu, tayari mmefunga kumbukumbu za kikundi kwenye salio la mtu binafsi.

Kisha kumbukeni fedha hizo zimetoka wapi. Mkopo wenu ni sehemu ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini unarudishwa. Mwaka 2023 mikopo hii ilisimamishwa nchi nzima kwa sababu ya fedha kutorejeshwa na vikundi hewa, na vijana wengi waliokuwa na nia safi wakakaa wakisubiri mpaka iliporudishwa 2024. Kila shilingi mnayorejesha ni ya kikundi kingine kitakachofuata. Mimi siwezi kuwashauri mtoe milioni kwenye mkopo huo kununua kitu ambacho manila na jedwali la bure vinakifanya.

Usichanganye pia programu ya kazi na mahali pa fedha. Fedha za pamoja ziwe benki au kwenye huduma ya vikundi kama M-Koba, iliyoanzishwa na Vodacom mwaka 2019, ambamo viongozi wanaidhinisha na wanachama wanapata taarifa kwenye simu, hata mwenye kitochi. Zabuni za Serikali nazo zina mahali pake: tangu 2023 zinapita kwenye mfumo wa NeST, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo inazitaka taasisi zitenge asilimia 30 kwa makundi maalumu, mkiwemo vijana. Kama hamjajisajili humo, hiyo ni kadi ya kwanza kwenye safu ya Haijaanza, na jina liwe lako.

Jingine ni nani mwenye akaunti. Msifungue Google Sheets wala Trello kwa barua pepe ya mtu. Fungueni barua pepe ya kikundi, iliyofungwa kwa laini ya kikundi, na neno la siri liwe kwa watu wawili na nakala ya tatu ndani ya bahasha kwa mweka hazina. Mtu akiondoka kikundini kwa hasira, neno la siri libadilishwe siku hiyohiyo. Kila mwisho wa mwezi pakua faili zima, na mambo makubwa yaandike kwenye kauntabuku. Programu isiyokuruhusu kupakua kumbukumbu zako ukaondoka nazo, usiiguse.

Na taarifa za wateja zilindeni. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi. Namba ya NIDA ya mteja haina kazi kwenye jedwali lenu. Kwenye manila ukutani, ambapo kila anayeingia kuulizia bei ya meza anasoma, andikeni "kitanda futi tano kwa sita, tarehe 14", namba ya simu na deni vikae mahali pasipoonekana.

Jaribuni kwa oda moja: madawati. Yaendesheni kwa manila na jedwali tangu kupimwa mpaka mpokeaji wa shule anatia saini. Yakishakabidhiwa, swali la kwanza aulizwe fundi mkuu mwenye kitochi: kila asubuhi ulijua la kufanya bila kumpigia katibu? Akisema hapana, rekebisheni mgawanyo wa kazi kabla ya kugusa chombo. Akisema ndiyo, endeleeni hivyohivyo na oda zote.

Limebaki la mwenyekiti, ambalo hukuliuliza lakini limejaa kwenye ujumbe wako. Unaogopa kumpinga mbele ya wenzake. Basi usimpinge mbele ya wenzake. Mfuate kabla ya kikao, msalimie vizuri, mshukuru kwa kuliona tatizo, maana kweli amekuwa wa kwanza kuliona. Kisha mwonyeshe hesabu ya dola 480 uliyoiandika kwa mkono wako, pamoja na tarehe ya rejesho linalofuata la mkopo, karatasi moja. Mwambie: "Mwenyekiti, naomba oda ya madawati tuiendeshe kwa njia hii isiyo na gharama, na wewe ndiye uilete kikaoni. Ikishindikana, mimi mwenyewe nitasimama kuunga mkono tulipie." Mwachie ile karatasi.